Wenye Ndoa Walilala Wapi?

Tulikuwa watu kama kumi hivi, tumesimama kwenye ukumbi wa zamani huko Bethlehem, Pennsylvania, tunamsikiliza mama aliyekuwa akitutembeza. Akaeleza sakafu, akaeleza madirisha, akaeleza jinsi Wamoravian wa kwanza, Wakristo wa kanisa la Kiprotestanti lililotoka Ulaya, walivyoimba humo. Mzee mmoja aliyeshika kofia mkononi akanyoosha kidole kama mtoto wa darasa la pili.

"Samahani, na wenye ndoa walilala wapi?"

Kicheko. Mama naye akacheka, akajibu kwa kifupi kwamba wanaume walikuwa na upande wao na wanawake upande wao, kisha akatuvusha chumba cha pili. Ziara ikaendelea.

Mimi lile swali liliniganda. Nimezaliwa Tukuyu, kusini-magharibi mwa Tanzania, bibi yangu alibatizwa Rungwe na Wamoravian haohao, na kwetu Unyakyusa nani alale wapi halikuwa jambo la kuchekea. Ndilo lililokuwa likipanga vijiji.

Wiki zimepita na bado linanisumbua.

## Magogo yaliyovishwa

Nyumba yenyewe ni Gemeinhaus, Nyumba ya Jumuiya, iko Church Street. Ukiipita bila kuambiwa, utadhani ni nyumba kubwa tu ya kizamani: mbao nyembamba zimepigiliwa kwa mlalo toka chini hadi juu, madirisha yamejipanga kwa adabu, paa limeinuka sana kama nyumba za Kijerumani. Mbao hizo zisikudanganye. Zilipigiliwa 1868, nyumba ikiwa tayari na zaidi ya miaka 120.

Chini yake ni magogo ya mwaloni mweupe. Yalichongwa kwa shoka yakawa mraba, yakalazwa moja juu ya jingine, na kwenye kona ncha zake zikakatwa zikaumana, hivi kwamba uzito wa gogo la juu ndio unaolibana la chini. Ukihesabu na vyumba vya darini, ni ghorofa tano. Wenyewe wanasema hakuna nyumba ya magogo ya karne ya 18 kubwa kuliko hii ambayo ingali inatumika Marekani.

Ghorofa tano za magogo! Nani anajenga hivyo porini, watu wenyewe wachache, msimu wa baridi unabisha hodi?

Anajenga mtu mwenye haraka. Mapema 1741 kikundi kidogo cha Wamoravian kilikuwa kimesimamisha kibanda cha kwanza hapo karibu, mahali kijito cha Monocacy kinapoingia mto Lehigh. Watu na mifugo chini ya paa moja. Mkesha wa Krismasi mwaka huohuo Zinzendorf mwenyewe, kabaila wa Kijerumani aliyekuwa kiongozi wa Wamoravian, alikuwa nao ndani ya kibanda hicho, wakaimba huku ng'ombe wakiwa upande wa pili wa ukuta, na makazi yakaitwa Bethlehem. Kibanda kilibomolewa 1823. Leo hapo pana hoteli.

Lakini kabla hata ya Krismasi hiyo jiwe la msingi la Gemeinhaus lilikuwa limeshawekwa, Septemba 1741. Wengine walikuwa njiani kutoka Ulaya. Mawe yanataka muda na waashi. Magogo yanataka shoka na mabega, na msitu ulikuwa mlangoni. Majengo ya mawe yaliyo jirani yalikuja baadaye: Nyumba ya Kengele 1746, nyumba ya ndugu waseja 1748, kanisa dogo 1751. Hadi kanisa hilo lilipokamilika, jumuiya nzima iliabudu katika ukumbi wa Gemeinhaus, ule tuliosimama. Chini ya paa hilohilo walilala, walipanga kazi, walifundisha. Shule ya wasichana aliyoianzisha binti wa Zinzendorf, Benigna, mwaka 1742 akiwa na miaka 16, ilipata makao humo. Chuo Kikuu cha Moravian cha leo kinajitaja kuwa mjukuu wa shule hiyo.

Nyumba moja, kila kitu. Na hapo ndipo swali la mzee linapoacha kuwa mzaha, maana ukiwaweka watu wote hao kwenye nyumba moja ya magogo, ni lazima mtu fulani aamue kitanda gani kiwe wapi.

## Kitanda, meza, mfuko

Walioamua waliigawa jumuiya kwa makundi waliyoyaita kwaya. Waseja wa kiume kwao, waseja wa kike kwao, wajane wa kike, wajane wa kiume, wavulana, wasichana, wenye ndoa. Kila kundi lilikula pamoja, liliomba pamoja, lililala pamoja, na mtu akifa alizikwa kwenye safu ya kundi lake. Nyumba za mawe zilipoanza kusimama, makundi yalihama moja moja kutoka Gemeinhaus kwenda kwenye nyumba zao.

Wenye ndoa nao walikuwa kundi. Lakini mume alilala na wanaume, mke akalala na wanawake, na kwa ajili ya unyumba palitengwa chumba cha faragha kilichoingiwa kwa zamu. Mwaka 1749 walifungisha ndoa za jozi zaidi ya 20 kwa siku moja. Najaribu kuwaza orodha ya zamu wiki iliyofuata, nashindwa.

Watoto walipoachishwa ziwa walipelekwa kwenye nyumba ya watoto, wakalelewa huko na akina dada wa jumuiya.

Hakuna aliyelipwa mshahara. Fundi viatu, mfinyanzi, mtengeneza ngozi, mwenye kinu, wote walitoa kazi yao, na jumuiya ikawapa chakula, nguo na pa kulala. Waliuita mpango huo Oeconomie. Sehemu ya watu walikaa Bethlehem kuzalisha, sehemu nyingine walitembea kuhubiri, hasa kwa wenyeji wa asili, Wamohikani na Wadelaware. Wa nyumbani waliwalisha wa safarini.

Nilipofika hapo kwenye kusoma kwangu ndipo nilipoanza kuona mantiki ya vitanda. Mume asiye na nyumba yake, asiye na shamba lake, ambaye mtoto wake yuko salama mikononi mwa dada wa jumuiya, unaweza kumwambia leo jioni kwamba kesho alfajiri anakwenda msituni miezi sita. Atafunga mzigo. Mkewe naye vilevile. Ramani ya vyumba ndiyo iliyokuwa ikiwatuma.

Sijui kama nawahusudu au nawahurumia. Nimebadili mawazo mara nyingi.

## Vijiji vya rika

Sasa turudi kwetu, maana hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma.

Wasio Wanyakyusa huenda hawajui kwamba zamani, kwetu, kijiji hakikuwa cha ukoo. Kilikuwa cha rika. Kijana wa kiume akifika kama miaka kumi au kumi na moja, aliondoka nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenzake walijenga vibanda vyao vya mianzi pembezoni, wakalala huko. Chakula walikwenda kula kwa mama zao, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, kundi zima. Walipooa, waliwaleta wake zao kwenye kijiji hichohicho cha marafiki. Mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka, wazee wakawaachia vijana nchi, na vile vibanda vya watoto vikawa vijiji kamili vyenye mamlaka.

Sababu? Aibu. Aibu ile njema. Mtoto mkubwa haifai alale mahali anaposikia ya wazazi wake. Na mke wa mwana haifai kabisa akutane na baba mkwe wake; asimtazame, asipite njia moja naye. Bibi yangu alikuwa bado anafuata hayo nikiwa mdogo. Akisikia kikohozi cha mkwewe kutoka upande wa barabara, anaacha jembe palepale, anaingia kwenye migomba, anatulia huko mpaka kikohozi kipite. Mzee naye alijua. Alikohoa kwa makusudi, mapema, kabla ya kona.

Kikohozi kile kilikuwa ukuta.

Ninachotaka kusema ni kwamba watu wawili wasiojuana, mmoja kwenye baridi ya Pennsylvania na mwingine chini ya mlima Rungwe, waliiangalia familia wakaiona ni kitu cha kupangwa upya kuanzia pa kulala. Wote wawili waliamini kwamba mtu anakua vizuri zaidi akiwa na wa umri wake kuliko akiwa na baba yake. Tofauti ni mahali walipopitisha ukuta. Mnyakyusa aliupitisha kati ya baba na mwana. Mmoravian wa Bethlehem aliupitisha kati ya mume na mke. Babu zangu wangelisikia hilo la pili wangecheka kuliko yule mzee wa kofia.

Halafu wakakutana.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian, akina Theodor Meyer, Theophil Richard na Georg Martin, walifika Rungwe. Wanyakyusa wanasimuliwa sana hadithi ya siku hizo na sitairudia. Kinachonisumbua ni kingine: kufikia mwaka huo mpango wa Bethlehem ulikuwa umekufa karibu miaka 130. Kanisa ambalo zamani liliwatenga mume na mke na kuwakusanya vijana kwenye nyumba za rika lilifika kwa watu ambao vijana wao walikuwa kwenye vijiji vya rika, na likawafundisha nini? Mume mmoja, mke mmoja, nyumba moja, watoto wabaki nyumbani waende shule.

Nimejiuliza kama kulikuwa na jioni hata moja ambapo mmoja wao alivitazama vibanda vya wavulana pale bondeni akakumbuka nyumba za waseja za kanisa lake mwenyewe. Huenda. Huenda pia aliona ushamba tu. Vibanda hivyo vilikuwa na sifa: mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson, aliyepita nchi yetu 1879, alizistaajabia nyumba za Wanyakyusa kwa unadhifu wake. Lakini kusifu nyumba ni jambo moja, kuelewa kwa nini imejengwa umbali ule kutoka kwa baba ni jambo jingine.

## Mbuzi wawili

Kuna jambo ziara ile ililipita mbiombio, na mimi nilikaribia kulipita hivyohivyo.

Februari 1746, wakati ibada za Bethlehem bado zikifanyika katika ukumbi wa Gemeinhaus, alibatizwa kijana wa Kiigbo aliyeitwa Ofodobendo Wooma. Akapewa jina Andrew. Tunajua habari zake kwa sababu Wamoravian walikuwa na desturi ya kuandika maisha ya mtu na kuyasoma akizikwa, na yake yamehifadhiwa. Baba yake alipofariki alichukuliwa na kaka yake. Kaka akakopa mbuzi wawili, akamweka mdogo wake rehani. Mwenye mbuzi hakungoja kulipwa, akamuuza. Pwani, meli, Antigua, New York. Mwisho akawa mali ya mfanyabiashara mmoja, Thomas Noble, naye akamkabidhi kwa Askofu Spangenberg, kiongozi wa Bethlehem.

Kumkabidhi mtu. Kama zawadi.

Akalala na ndugu waseja, akala nao, akafanya kazi bila mshahara kama wao. Na hapo ndipo akili yangu inapokwama. Ndani ya nyumba ambamo hakuna anayelipwa na hakuna mwenye kitanda chake, mtumwa na ndugu wanafanana kwa macho. Sahani ileile, blanketi lilelile. Lakini mmoja amechagua kuingia na mwingine amekabidhiwa. Magogo hayaonyeshi tofauti hiyo. Ipo kwenye hati ya mauzo, droo nyingine, mji mwingine.

Magdalene naye alitoka Pwani ya Guinea, Popo Ndogo. Bwana wake, Charles Brockden wa Philadelphia, alimpeleka Bethlehem 1743, na katika simulizi ya maisha yake anasema wazi kwamba hakutaka. Alimwomba bwana wake amuuze kwa mtu mwingine kuliko kumpeleka kwa Wamoravian. Baadaye anasema alipapenda. Naamini maneno yote mawili, lile la kukataa na lile la kupenda, ingawa watu wa makumbusho hupendelea la pili na watu wa vyuo vikuu hupendelea la kwanza.

Mwaka 1762 Andrew na Magdalene walioana. Andrew alifariki 1779, Magdalene akaishi hadi 1820. Wamelala kwenye makaburi ya jumuiya pamoja na Wajerumani na Wamohikani, mawe yote yamelazwa chini kwa usawa, hakuna lililoinuka kulipita jingine. Ni makaburi mazuri. Nilisimama hapo muda mrefu nikijaribu kukubali kwamba usawa ule ni wa kweli na kwamba kumkabidhi mtu nako kulikuwa kweli.

## Mwaka wa majiko

Huo 1762 wa ndoa yao ndio mwaka Oeconomie ilipovunjwa.

Zinzendorf alikuwa amefariki 1760. Kanisa la Ulaya lilikuwa na madeni makubwa na lilitaka Bethlehem ianze kuchangia. Hizo ndizo sababu za makaratasi. Sababu nyingine ni kwamba watu walichoka. Walitaka nyumba zao na watoto wao. Familia zikaanza kuishi kama familia, mafundi wakaanza kulipwa. Ilidumu miaka 20, ukianza na 1742.

Mtanzania yeyote akisikia "miaka ishirini" na "kazi ya pamoja" ataguna. Niliguna mimi pia, nikampigia mjomba, aliyefanya kazi kwenye shamba la ujamaa miaka ya 1970, nikamsimulia habari nzima ya Bethlehem: mabweni, zamu, nyumba ya watoto. Alisikiliza kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulilima pamoja tukirudi kila mtu ana jiko lake. Na bado ilitushinda. Hao waliwezaje miaka ishirini?"

Sikuwa nimelitazama upande huo. Nilikuwa nikiuliza kwa nini ulikufa, yeye akauliza uliishije. Na nadhani ana hoja kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe. Ujamaa wetu, toka maandishi ya kwanza ya Mwalimu hadi Azimio la Arusha la 1967, uliegemea familia: taifa liwe kama jamaa moja kubwa. Bethlehem ilifanya kinyume. Iliivunja familia kwanza, kisha ikajenga jumuiya kwa vipande vyake. Kwa miaka michache, njia hiyo kali ilizalisha zaidi: vinu, karakana, hata mtambo wa kusukuma maji mjini. Lakini ilihitaji watu waliokubali kwamba hii ni ya muda, kwamba wako vitani. Watoto waliozaliwa humo hawakukubaliana na chochote. Walizaliwa tu, wakakuta mama analala jengo jingine.

Mjomba hakubali. Anasema watoto hawana shida, yeye mwenyewe alilala na wenzake toka miaka tisa, kwenye kibanda cha mwisho mwisho cha aina hiyo huko kwetu, na hakuwahi kumkumbuka mama usiku.

Nikamkumbusha kwamba mama yake alikuwa hatua mia moja kutoka hapo, na ndiye aliyempikia.

"Hilo nalo kweli," akasema, akabadilisha mazungumzo kwenda bei ya parachichi.

## Nyumba iliyobaki

Gemeinhaus haikubomolewa mpango ulipovunjika. Iligawanywa. Ikawa makazi ya wachungaji na wasimamizi wa mali za kanisa pamoja na familia zao, hizohizo familia ambazo mwanzoni haikutengenezwa kwa ajili yao. Mwaka 1780 akazaliwa humo Lewis David von Schweinitz, kitukuu wa Zinzendorf, mchungaji ambaye muda wake wa ziada aliutumia kuchora na kuainisha uyoga na kuvu hadi akaitwa baba wa elimu hiyo Amerika Kaskazini. Serikali ya Marekani ilipoitambua nyumba hii kuwa alama ya taifa mwaka 1975, iliandikishwa kwa majina mawili: Gemeinhaus, na makazi ya Lewis David de Schweinitz. Mtu mmoja na uyoga wake wamesimama sawa na jumuiya nzima kwenye jina. Nakiri hilo lilinifurahisha kidogo.

Leo ni makumbusho. Julai 2024 UNESCO iliiingiza Bethlehem kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na Herrnhut ya Ujerumani na Gracehill ya Ireland Kaskazini, zikaungana na Christiansfeld ya Denmark iliyotangulia 2015. Jumapili moja baadaye kikundi chetu cha simu cha Wamoravian tulio ughaibuni kiliwaka moto. Nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote duniani ni Tanzania. Mbona Rungwe haimo?

Mimi sikuungana na lawama. Orodha ile ni ya miji iliyopangwa na kujengwa karne ya 18 kwa ramani ya kwaya, na Rungwe ya 1891 si mji wa namna hiyo. Kama kuna mji wa namna hiyo kwetu, ni vile vijiji vya wavulana, ambavyo havikujengwa na kanisa na ambavyo kanisa lilisaidia kuvimaliza. Mianzi haidumu miaka 280. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi Unyakyusa miaka ya 1930 wakaviandika vikiwa bado hai, na maandishi hayo yako kwenye maktaba za vyuo, kwa Kiingereza, mbali na Tukuyu.

Nimeandika hayo kwenye kikundi. Wawili wamejitoa. Mchungaji mmoja mstaafu wa Kyela amenijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na mbili, nusu yake ananikemea, nusu nyingine anaelekeza kilipokuwa kijiji cha rika la baba yake: uvuke daraja, uhesabu miembe, upande wa kushoto ambako sasa pana mashine ya kukoboa mpunga.